Mwinyikombe na Foleni ya Usiku wa Bamvua

Duvi hazaliwi na nyumba, wala hajui kujenga. Mama yake humwaga mayai majini usiku, mayai yakapasuka papo hapo, na vitoto visivyofanana na kaa hata kidogo vikachukuliwa na mkondo. Huelea majuma kadhaa. Vile vinavyosalimika na midomo ya samaki hurudi pwani vikiwa na miguu na magando, na tumbo laini, lililopinda, lisilo na gamba la kulikinga. Basi kila kimoja hutafuta kombe la konokono wa baharini aliyekufa, kikaingia kinyumenyume, na maisha yakaanza.

Kombe halikui, naye anakua. Kwa hiyo atahama, na atahama tena, na kila nyumba atakayoingia ilikuwa ya mwingine na itakuwa ya mwingine. Lakini kuna jambo katika makazi ya duvi wa nchi kavu ambalo mimi kila nikilifikiri hunigusa. Kombe linalotoka moja kwa moja kwa konokono ni zito, na ndani ni jembamba. Duvi wa kwanza kuliingia hulikwangua kuta zake. Anayemfuata hukwangua zaidi. Baada ya kupita wakazi wengi, kombe huwa pana ndani na jepesi mgongoni, likaweza kubeba yale maji kidogo yanayolowesha matamvua ya mwenyewe, maana bila unyevu huo duvi hufa akiwa amezungukwa na hewa tele. Nyumba bora kijijini, kwa hiyo, ni ile iliyokwisha kuhamwa mara nyingi.

Kijiji cha hekaya hii kilikuwa Chumbe, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini ya Mji wa Unguja. Mnara wa taa uliopo hapo ulijengwa mwaka 1904, na duvi huzihesabu zama zao kwa mnara: kuna waliotangulia mnara na kuna waliokuja baada yake. Tangu mwaka 1994, serikali ya Zanzibar ilipoyafanya matumbawe ya upande wa magharibi kuwa hifadhi, nyavu hazishushwi pale na makombe hayaokotwi. Hiyo ni neema. Kwenye fukwe nyingine makombe mazuri huishia katika meza za kuuzia wageni, na duvi wa huko wengine huonekana wakiburuza vifuniko vya chupa.

Desturi kubwa ya kijiji ilikuwa foleni. Bahari ikileta kombe kubwa, duvi hukusanyika na kujipanga kuanzia mkubwa hadi mdogo, kila mmoja ameshika kombe la aliye mbele yake. Mkubwa akiingia katika kombe jipya, la kwake hubaki wazi, wa pili akaliingia, wa tatu akaingia la wa pili, hadi mwisho wa mstari. Kusubiri huweza kuchukua usiku mzima, ila kuhama kwenyewe huisha upesi ajabu, maana kila tumbo liko nje na kila tumbo linaogopa. Hakuna anayeihama nyumba yake peke yake. Na mmoja akikataa kutoka, wote walio nyuma yake wamekataliwa.

Mkubwa wa kijiji aliitwa Mwinyikombe. Kombe lake lilikuwa la rangi ya samli lenye michirizi ya kahawia, na mdomo wake wa mviringo uling'aa hata usiku usio na mwezi. Aliachiwa na Bi Kheri, kaa mkongwe aliyemlea tangu alipotoka majini, ambaye siku moja alipata kombe kubwa zaidi, akahama, akaingia msituni, asionekane tena. Mwinyikombe alipokuwa kijana alilibeba kisiwa kizima. Akija penye tunda lililoanguka, vijana walisogea wapate kulitazama.

Kisha wakatokea wapambe. Wao ndio walioanza kusema kwamba lile kombe ni heshima ya kijiji, kwamba likihama kijiji kitahama, kwamba kila apitaye alisalimie. Waliunda kamati ya kulilinda. Waliweka zamu. Walimwambia Mwinyikombe asitembee sana, njia ina mawe, mdomo wa kombe utamomonyoka. Naye aliwasikiliza. Kwanza aliacha kwenda upande wa mnara. Baadaye aliacha kwenda msituni. Mwishowe akawa hatoki chini ya mkoko mmoja, akiletewa chakula pale pale.

Wakati huo wote alikuwa anakua. Gando la kushoto la duvi ndilo mlango wake. Akijirudisha ndani, gando hilo huziba tundu. Gando la Mwinyikombe lilibaki nje. Kisha miguu miwili ikabaki nje. Kila aliyekuwa na macho aliliona hilo, na wapambe ndio waliokuwa na macho mengi kuliko wote, ila hakuna aliyelitamka.

Nyuma yake alikuwepo Siti, ambaye kombe lake lilikwisha kumbana tangu msimu uliopita. Nyuma ya Siti walikuwepo wengine wengi, na nyuma yao wote alikuwepo kijana mmoja, Kombo, aliyekosa kombe kabisa akajitia katika kifuniko cha chupa kilicholetwa na mawimbi. Kifuniko hakishiki maji. Mchana wa jua kali Kombo alijifukia mchangani, akahesabu pumzi zake moja moja.

Sisi watu wa visiwani tunalijua jambo hili hata bila ya kaa. Tunajua nyumba ya urithi iliyofungwa kufuli, dari inaoza, na mwenye ufunguo hataki kuiuza, hataki kuikarabati, hataki kuikaa, huku wajukuu wa ukoo huohuo wamejazana katika chumba cha kupanga. Anayezuia si lazima awe mchoyo. Mara nyingi ni mtu mwenye huzuni, na huzuni yake inalala mahali ambapo mwingine angelaza watoto. Ndiyo maana sipendi tunapomsema kwa ukali wa haraka.

Walikuwepo pia waliojaribu njia nyingine. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mwenye sauti nzuri, aliyehubiri kwamba kombe lenyewe ndilo maradhi. Akatoa mfano wa Babu Mnazi, yule kaa mkubwa wa minazi aishiye msituni, mwenye magando ya kupasulia nazi, anayetembea mgongo wazi bila ya nyumba yoyote. Mwalimu alisema Babu Mnazi aliiacha dunia, akavua kombe, akapata utulivu. Usiku mmoja duvi 7 walivua makombe yao wakamfuata. Kulipopambazuka, siafu waliwafikia baadhi, na waliobaki walionwa na sululu. Mwalimu mwenyewe hakuwa amevua. Alisema lazima abaki mmoja wa kufundisha.

Huyo sululu nimtaje vizuri. Ni ndege wa mdomo mrefu uliopinda, ambaye huzaa nchi za baridi za kaskazini na hufika pwani zetu mnamo Septemba, akakaa mpaka Aprili. Ameruka juu ya milima na majangwa na bahari, maelfu ya kilomita, kila mwaka. Duvi waliwahi kumuuliza kutoka mbali ameona nini huko kote. Akajibu: kaa. Kaa wa matope, kaa wa mchanga, kaa wakubwa, kaa wadogo. Hakuwa akiwadanganya. Hajaonyeshwa kitu kingine na njaa yake, na wasafiri wa namna hiyo tunao wengi, waliokanyaga miji 20 na kurudi na hesabu ya walichokula.

Siti alisafiri masafa mafupi kuliko huyo, kutoka msituni hadi majini, usiku wa kumwaga mayai. Alishuka mawe kwa tahadhari, kombe dogo likimkaba, akasimama pale wimbi linapofika kisha likarudi. Alipomaliza, aliona kitu kizito kinapumua katika maji ya kina kifupi. Alikuwa kasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshamwaga?"

"Nimeshamwaga. Nitawaona tena hawa?"

Kasa akatoa pumzi ndefu. "Wangu sijamwona hata mmoja nikamjua. Huenda nimewahi kula nyasi za bahari pembeni mwa mwanangu, nikampisha kwa adabu, basi."

Alimweleza kwamba yeye kazaliwa Itsamia, kisiwani Mwali, huko Komori. Alitoka mchangani usiku, akakimbilia maji, na zaidi ya miaka 20 hakuurudia ufuo ule. Alipokuwa mtu mzima miguu yake ikamrudisha bila ya kuonyeshwa njia. "Nikaufikia, na mchanga haukuwa ule niliouacha. Bahari ilikuwa imekula upande mmoja na kuongeza mwingine. Nikataga palipowezekana. Watu husema kasa analia akitaga. Ni chumvi, mwili unaitoa. Lakini usiku ule sijui ilikuwa chumvi au nini."

"Ungekaa, bibi. Kama ni kwenu."

"Nikae nifanye nini? Nataga mayai 100 na zaidi, nafukia, naondoka kabla jua halijapanda. Ningebaki kuyalinda, jua lingeniua, na yasingeanguliwa hata siku moja mapema. Yana miezi yao 2."

"Lakini unaurudia ufuo uleule."

"Naurudia. Naupenda. Nikiwa baharini siubebi."

Siti akautazama ule mgongo mpana, uliofunikwa vizuri, akasema kwa matamanio: "Wewe lakini hujawahi kuhama nyumba. Unakua nayo."

Kasa akageuza kichwa taratibu. "Hii si nyumba, mjukuu wangu. Hizi ni mbavu zangu zilizopanuka. Siwezi kuzivua hata nikitaka. Wewe nyumba yako unaweza kumwachia mwenzio. Mimi nikifa, humu hatoingia mtu."

Akajisukuma, maji yakamchukua. Siti alibaki akilifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Hakuwahi kuwaza kwamba kuhama kwake kungeweza kuonewa wivu na yeyote, seuze na kasa.

Aliporudi hakwenda kijijini. Alipandisha msituni kumtafuta Babu Mnazi, kwa sababu wale 7 walikuwa wenzake na hakuwa ameridhika na maelezo ya mwalimu. Alimkuta mlangoni mwa shimo lake, katikati ya mawe, anachambua makumbi ya nazi.

"Babu, ni kweli ulivua kombe kwa kuiacha dunia?"

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu hajawahi kuja hapa." Babu Mnazi aliweka nazi chini. "Nilipokuwa mdogo nilivaa kombe mfano wako. Nikabadilisha, nikabadilisha. Kisha mgongo wa tumbo ukaanza kukomaa wenyewe, kidogo kidogo, kila nilipojivua gamba. Siku moja nikajikuta nimetoka na sikuhisi baridi. Sikushinda chochote, mwanangu. Nilikua hivyo kwa sababu sisi ndivyo tunavyokua. Ninyi hamkui hivyo, mtakuwa na tumbo laini mpaka mwisho."

"Kwa hiyo wewe huhitaji nyumba."

"Mchana nalala wapi? Bila ya shimo hili ningekauka kwa siku chache. Shimo la kabla ya hili lilijaa maji, nikatafuta jingine, na hili nalo sijui litanichukua hadi lini. Kamwambie huyo mwalimu, kabla hajamwambia mtu avue, kwanza ampapase tumbo."

Nakiri kwamba katika hekaya nzima hapa ndipo ninapopapenda zaidi, maana tumezoea kusifu kutokuwa na kitu tukisahau kuuliza ni mwili gani unaosifiwa. Mwenye mgongo mgumu akitembea wazi, anatembea tu. Kumtaka mwenye tumbo laini amwige ni kumtuma kwa siafu, na wanaotuma kwa kawaida hukaa ndani.

Basi ukaja usiku wa bamvua katikati ya kaskazi. Maji yalipanda hadi mizizi ya mikoko, yakashuka, yakaacha kombe kubwa jeupe lenye miiba butu. Konokono wake hakuwa amekufa zamani. Ndani hapakuwahi kukaliwa na duvi yeyote. Habari zilizunguka kwa harufu, na kabla ya mwezi kufika katikati foleni ilikuwa imesimama kutoka kwenye kombe jeupe hadi ukingo wa msitu: Siti wa pili, na wengine nyuma yake, na Kombo na kifuniko chake mwisho kabisa. Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi. Ilikuwa ya mmoja tu.

Wapambe walimzunguka Mwinyikombe. Mzee, usijishughulishe. Kombe lile ni zito. Halina historia. Halina mng'ao. Waache wangoje, watachoka. Na foleni ikangoja. Nyota zikasogea. Kombo alianza kuyumba, mwenzake wa mbele akamshika kwa mguu wa nyuma asianguke.

Siti akaacha nafasi yake, jambo ambalo halifanywi, akaenda chini ya mkoko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Sauti ilitoka kwa shida, kifua kilikuwa kimebanwa.

"Wenzangu watakwambia kombe linakupendeza. Linakupendeza. Lakini gando liko nje, babu, na miguu iko nje, na kukikucha sululu atapita hapa kwanza."

Wapambe wakapiga kelele. Mwinyikombe akawanyamazisha, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Ndani kuna mikwaruzo ya Bi Kheri. Upande wa kulia, karibu na kona ya mwisho. Alikuwa na namna yake ya kukwangua, mistari mitatu mitatu. Nikilala tumbo langu linaigusa. Nikitoka humu, nitamkuta wapi?"

Siti hakuwa na jibu la haraka. Alisogea karibu, akapitisha kipapasio chake taratibu juu ya mdomo wa lile kombe.

"Na yako iko wapi, babu?"

"Yangu ipi?"

"Mikwaruzo yako. Umekaa humu miaka yote hii."

Mwinyikombe akafikiri. "Mlangoni. Kushoto. Niliupanua mlango."

"Basi mimi nitaigusa yako nikiingia, na yake nikifika ndani. Na atakayekuja baada yangu atakuta yetu sote watatu. Ukifa humu umekwama, babu, sululu atalivunja kwa kulipigiza mawe apate kukutoa, na hapo Bi Kheri hatakuwa na pa kukutwa na mtu yeyote."

Upande wa Unguja anga lilikuwa limeanza kupauka. Mwinyikombe alijivuta. Mara ya kwanza hakutoka, kombe lilikuwa limemshika. Wapambe walirudi nyuma, kwani hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuliona tumbo lake, na lilikuwa tumbo la kawaida, lenye mikunjo, linalotetemeka. Mara ya pili Siti alimshikia kombe, naye akatoka. Akauvuka mchanga kwa miguu yake yote, mzee mzima, uchi mbele ya kijiji kilichomwamkia miaka nenda miaka rudi, akaingia kinyumenyume katika kombe jeupe.

Kilichofuata kilikuwa kishindo. Siti ndani ya la samli, wa tatu ndani ya la Siti, wa nne, wa tano, makombe yakigongana njia nzima hadi ukingo wa msitu, na mwisho wa mstari Kombo akaingia katika kikombe kidogo cha kijivu ambacho hakuna aliyewahi kukisifu. Lilikuwamo tone la maji aliloliacha mwenzake. Kombo akalihisi likimpanda kwenye matamvua, akavuta pumzi, akavuta nyingine, asizihesabu. Sululu alipopita alikuta mchanga umechorwachorwa na kila mlango umezibwa.

Wapambe walikaa asubuhi yote wakijadili kama kamati iendelee kulilinda kombe la samli. Siti aliwaamkia kwa heshima akaenda nalo msituni kutafuta matunda.

Mwinyikombe, kwa upande wake, hakuwa na raha hata kidogo. Kombe jipya lilikuwa zito. Lilimbana mabegani, na nundu moja ndani upande wa kulia ilimchoma kila alipogeuka. Alilalamika siku nyingi, na akilalamika alikwangua, na kwa kuwa kukaa kulimwuma zaidi kuliko kutembea, akawa anatembea. Alipita kwenye mawe aliyoambiwa ayaogope. Alifika kisima cha zamani, akafika njia ya mnara, mahali ambapo macho yake hayajapaona tangu ujana. Alistaajabu kuona mizizi ya mtini imepasua jiwe alilozoea kulala kivulini mwake. Alisimama pale muda mrefu, akala tunda lililokuwa limeanguka juu ya jiwe hilo, akaendelea.

Nyuma ya mnara alimkuta Babu Mnazi.

"Nimekusikia tangu juzi," akasema Babu Mnazi. "Kwanguakwangua usiku kucha. Unakwangua nini?"

"Nundu. Inanichoma."

"Utaimaliza lini?"

"Nikiimaliza nitakuwa nimeshakua, kombe halinitoshi tena."

"Sasa unamkwangulia nani?"

"Sijamjua. Ila hatachomwa upande wa kulia."

Babu Mnazi akacheka hadi magando yakagongana. "Kuna nazi imeanguka kule chini. Nimeshaipasua nusu. Twende kabla hawajaisikia harufu."

"Ni mbali?"

"Kwa kombe hilo, ni mbali."

"Haya, tangulia," akasema Mwinyikombe. "Usikimbie tu."